Siku Nyanda Alipokosea Steringi

Tuanze na uongo wake, maana ndio uliomfunika miaka kumi na mbili. Donatille alikuwa akiwaambia watu wa mtaa wa Nsemulwa kwamba yeye ni Muha wa Kasulu. Ukimsikia unaamini, kwa sababu Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, na nani mjini Mpanda ana muda wa kupima lafudhi ya mwanamke anayeponda mawe? Ukweli ni kwamba alizaliwa Katumba, kwenye makazi yale ya wakimbizi, mtoto wa Mzee Antoni, mwalimu aliyekimbia Burundi akiwa na koti moja na kitabu kimoja cha Kifaransa. Uraia anao. Hati iko kwenye begi chini ya kitanda, imefungwa nailoni mbili, halali kabisa, ina mhuri wa serikali. Lakini hati haitembei na mtu barabarani. Ukigombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, jirani haombi hati, anasema tu, "Mkimbizi wewe, rudi kwenu." Donatille alilisikia neno hilo tangu yuko darasa la kwanza, akalichoka. Alipohamia mjini na binti yake Mercy akaamua kuwa Muha, na jina akalikata akabaki Dona Antoni.

Mimi simlaumu. Wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?

Kazi yake ilikuwa kwenye karasha la bosi Ezekia, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ukitoka mjini kama unakwenda Kasekese. Wanaume wanatoa mawe shimoni. Wanawake hawaruhusiwi hata kusogelea mdomo wa shimo, eti dhahabu itakimbia. Makubwa! Dhahabu ina miguu? Basi kina mama wanakaa juani, kila mmoja na nyundo yake, wanaponda yale mawe mpaka yawe kokoto ndogo, ndoo kwa ndoo, ndipo mashine iyasage yawe unga. Vumbi lake ni jeupe, jepesi, linakaa mpaka kwenye kope, na kanga mdomoni haizuii kitu. Hilaria, aliyekaa mkono wa kulia wa Donatille miaka minane, sasa yuko nyumbani, hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani bila kupumzika mara mbili. Daktari alimwambia vumbi la mawe limemjaa mapafuni na halitoki. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa! Ukikaa naye sebuleni unakisikia kifua chake kinavyohangaika.

Na kina mama waliomba nini? Hawakuomba gari. Waliomba mapipa mawili ya maji kila asubuhi, wayalowanishe mawe kabla ya kuyaponda ili vumbi lilale. Ezekia akasema maji ni ya kuoshea dhahabu, siyo ya kuoshea vumbi. Yaani dhahabu ioge, watu wakohoe.

Ndipo akaja Makarius, kijana wa chama cha wafanyakazi wa migodini, na pikipiki yake na fomu mfukoni.

"Mama zangu, anayelipwa kwa ndoo naye ni mfanyakazi," aliwaambia. "Nipeni majina ishirini, nifungue tawi. Tawi likifunguliwa bosi anakaa mezani na nyie, apende asipende. Yakipungua ishirini sina la kufanya. Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Jumatatu saa sita mchana nakuja kuichukua."

Fomu akapewa Donatille kwa sababu ana mwandiko mzuri. Akazunguka nayo wiki mbili, nyumba kwa nyumba, akapata majina kumi na moja. Yote aliyaandika kuanzia mstari wa pili. Mstari wa kwanza akauacha wazi. Wenzake walidhani ni wa mwenyekiti atakayechaguliwa, wala hawakuuliza. Yeye alijua ni wa nani. Ulikuwa wa Donatille Nzeyimana, jina ambalo hakuna hata mmoja pale karashani aliyewahi kulisikia, na kila akishika kalamu mkono uligoma. Akiliandika, kabla jua halijazama Nsemulwa nzima itajua yeye ni nani. Asipoliandika, amewatanguliza wenzake yeye amejificha nyuma ya migongo yao. Aliona aibu, aibu ya kweli ile inayokunyima hata hamu ya ugali, na bado hakuliandika.

Majina mengine yalikwama kwa Immaculata. Huyu ni Mpimbwe wa Usevya, amekulia kwenye mashamba ya mpunga, ana mdomo mkali kama pilipili kichaa, na kina mama wanamwangalia yeye kwanza. Asipoingia Immaculata, saba wengine hawaingii.

"Fomu ina majina," alimwambia Donatille. "Majina yakifika kwa Ezekia, kesho yake tumefukuzwa. Mwenzangu, mimi nina watoto watano. Niache kwanza nione."

Ezekia, kumbe, habari za fomu alishazipata. Siyo mjinga yule. Hakugomba, hakutishia mtu. Alitangaza kwamba Jumapili, baada ya misa, wafanyakazi wote wanakaribishwa kuangalia picha bure kwenye banda la video la Nyanda, na kila mtu atapata soda yake.

Sasa Nyanda lazima nikueleze. Ni Msukuma, mnene wa mwili na wa maneno, na kazi yake ni kutafsiri picha. Anakaa pembeni ya skrini na maiki yake, picha inakwenda, yeye anasema kwa Kiswahili kila linalosemwa. Kikorea anatafsiri. Kihindi anatafsiri. Kichina ndio usiseme. Na lugha anazozijua, nakuapia, ni Kisukuma na Kiswahili, basi! Anaangalia midomo na macho ya watu, anatunga, na anatunga vizuri kiasi kwamba ukija kuiona picha ileile bila yeye unaona umepunjwa. Na kwenye banda lake kuna sheria moja inayojulikana na kila mtu: steringi hafi. Mhusika mkuu anaweza kupigwa risasi kumi, atajifunga kitambaa begani aendelee. Nyanda anamtangaza steringi mapema, watu wanatulia, wanakunywa soda zao bila wasiwasi.

Picha ya Jumapili ile ilikuwa ya zamani, ya wachimba makaa ya mawe wa nchi fulani yenye baridi. Nyuso nyeusi kwa masizi, nyumba za matofali zimebanana, na wanawake uani wakichambua makaa kwa mikono. Wachimbaji wanataka kuanzisha chama chao, mwenye mgodi hataki. Ezekia alikuwa ameshaiangalia peke yake mpaka karibu na mwisho, akaona chama kinavyokufa, akafurahi, akampa Nyanda maelekezo ya nini cha kusema na wapi. Kisha akakaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, miguu kainyoosha.

"Wapenzi watazamaji!" Nyanda akaanza. "Steringi wenu ndio huyu hapa, mwenye ndevu! Mwite Kaka Mkubwa!"

Banda likapiga makofi. Donatille alikuwa benchi la nyuma, kati ya Immaculata na Suzana, mdogo kuliko wote pale karashani. Alishtuka, siyo kwa sababu ya Kaka Mkubwa. Picha ilikuwa ya Kifaransa. Maneno aliyochapwa viboko na baba yake mpaka yakamkaa, huku watoto wa jirani wakimcheka kwamba Kifaransa cha kupalilia mihogo ni cha nini, maneno hayo yalikuwa yanatoka kwenye spika za Nyanda. Akayaelewa yote. Akamkumbuka mzee wake.

Nusu saa ikapita, Nyanda akitunga yake na Donatille akicheka kimoyomoyo. Kisha Kaka Mkubwa akaingia nyumbani kwa meneja wa mgodi, akatoa karatasi yenye majina ya wachimbaji, akaiweka mezani.

"Yesu na Maria!" Nyanda akapiga kelele. "Kawauza! Ona, kawauza wenzake! Kapeleka majina yote kwa bosi! Ndio maana nawaambieni, ukiona mtu anapita na karatasi anakusanya majina, huyo ana bei yake!"

Banda zima likaguna. Immaculata akamgeukia Donatille, akamwangalia. Na Donatille akaona majina yake kumi na moja yanavyokwenda na maji. Kwa sababu yule mtu kwenye picha hakuwauza wenzake hata kidogo.

Hakumbuki aliinukaje.

"Muongo!" alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Nyanda, muongo wewe! Hakusema hivyo!"

"Kasemaje, basi?" Nyanda akauliza kwenye maiki, na watu wakacheka.

"Kasema, 'Haya ndiyo majina yetu, nimekuletea mwenyewe. Usimlipe tena mtu akupelelezee. Na la kwanza ni langu.'"

Alipoitamka hiyo ya mwisho ilimchoma mwenyewe. Ezekia akageuka polepole kwenye kiti chake.

"Wewe Kifaransa umekijulia wapi?" akauliza. "Si unasema ni Muha? Muha gani wa Kasulu anayeongea Kifaransa?" Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeokota kitu barabarani. "Ahaa! Mrundi! Jamani, kumbe tunafuga mkimbizi hapa, ndio anakusanya majina ya wenyeji!"

Basi likawa limetoka. Lile neno alilolikimbia miaka kumi na mbili likasimama katikati ya banda. Donatille akaona uso unamwaka, akatamani ardhi impasukie. Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua nne, na hakuna ambaye angemzuia.

Lakini Suzana, huyo mdogo, akapiga benchi kwa kiganja. "Awe Mrundi awe Mchina, atafsiri! Sisi tunataka picha yenyewe, siyo ya kutungiwa!"

"Atafsiri!" wakadakia wa nyuma. "Nyanda, mpe maiki! Kumbe siku zote unatupiga fiksi!"

Nyanda ni mtu wa watazamaji. Akamwangalia Ezekia, akaangalia mabenchi, akapima wapi kuna mkate wake wa kesho. Akanyoosha maiki. "Njoo, dada. Tuone basi."

Donatille akaenda. Akaketi kwenye kigoda cha Nyanda, akaanza kusema. Mwanzo alikuwa akijikwaa, akiruka maneno. Kisha akazoea. Akawasemea wachimbaji, akawasemea wake zao, akamsemea meneja kwa sauti ya puani mpaka watu wakafa kwa kicheko, maana ilikuwa ni Ezekia mtupu. Walipofika mahali ambapo mchimbaji mmoja anakohoa usiku na mke wake anamshika mgongo, hakuongeza neno. Alisema yale tu yaliyosemwa. Kina mama wa karashani hawakucheka tena.

Halafu askari wakaja kwenye geti la mgodi. Wachimbaji wakasimama mbele yao. Bunduki zikalia, na Kaka Mkubwa akaanguka kwenye matope, macho wazi. Hakujifunga kitambaa. Hakuamka.

Usiombe uone zogo lile! "Steringi hafi!" watu wakapiga kelele. "Picha imekatwa hiyo! Rudisha nyuma!" Mzee mmoja akasimama juu ya benchi akidai soda nyingine kama fidia. Nyanda mwenyewe alikuwa ameshika kichwa. Miaka yote ya kazi yake hajapata aibu ya namna hiyo.

Ezekia akasimama, akatengeneza shati. "Mmeona? Hapo ndipo vyama vinapowafikisha watu. Kafa kama kuku. Mkimbizi wenu hakuwaambia hilo, eh? Haya, nendeni nyumbani, kesho kazini."

"Picha haijaisha," Donatille akasema.

"Imeisha."

"Bosi, mimi ndiye ninayesikia. Haijaisha. Kaeni."

Wakakaa. Na kweli, picha ilikuwa inaendelea. Asubuhi, theluji, uani kwa wachambuaji wa makaa. Akatokea mwanamke mmoja mtu mzima, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Watu walikuwa wamemwona tangu mwanzo na hakuna aliyemjali. Alikuwa anapita tu nyuma ya wanaume wakiongea, anachambua makaa yake. Sasa akaweka kikapu chini, akawageukia wenzake.

"Anauliza," Donatille akasema kwenye maiki, "'Nani anarudi getini na mimi?'"

Mwanamke wa pili akaweka kikapu chini, kisha wa tatu. Kisha uani pakawa vikapu vitupu. Wakaanza kutembea, na hapo ndipo maandishi ya mwisho yakapanda.

Donatille akainuka kwenye kigoda. Hasira zilikuwa zimempanda. "Nyie mnasema steringi hafi," akawaambia. "Sawa, mimi sibishani na sheria ya banda. Basi angalieni nani hajafa! Yule mwenye ndevu kafa. Huyu mama hajafa. Amekuwepo toka mwanzo na nyie mkamwona mpita njia, kwa sababu anachambua makaa. Kwa sababu ni sisi!"

Kisha Nyanda, namsifu kwa hili tu, akampokonya maiki na jasho likimtiririka. "Wapenzi watazamaji, naomba radhi! Toka nianze kazi hii sijawahi! Steringi nimemkosea! Steringi ni mama!"

Banda likalipuka. Ezekia akatoka na kiti chake kikaanguka nyuma yake, hakuna aliyekiokota.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa banda, Donatille aligeuza kreti la soda likawa meza, akatandaza fomu. Wakaja wale saba, safari hii bila kumngoja Immaculata, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa sahihi, wengine kwa dole gumba. Kumi na nane. Kisha Immaculata akaja, akaichukua fomu yote mkononi, akaisoma toka juu, maana kusoma anajua. Akatia sahihi yake. Kumi na tisa. Halafu kidole chake kikapanda mpaka kwenye mstari wa kwanza, kikatulia pale.

"Na hapa?"

Donatille akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

"Nimeuliza. Majina yetu yote yapo. Lako liko wapi, shoga?"

"Nilikuwa..." akaanza. "Niliogopa. Wataniita mkimbizi."

"Si wameshakuita? Na mimi leo nimekuita hivyo kimoyomoyo, nikisema ukweli, na umenikera kwa kutudanganya miaka yote hiyo." Immaculata hakupunguza sauti. "Lakini kilio huanza mfiwa. Umetutoa machozi sote, wewe macho makavu! Unataka tukwambie nini, tukubembeleze? Andika, au uchane hiyo karatasi sasa hivi kila mtu aende kwake."

Kina mama kumi na wanane walikuwa wamesimama wanamtazama. Hakuna aliyemsaidia, na sawasawa, maana kwa hilo hakukuwa na wa kumsaidia. Donatille akashika kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama baba yake alivyomfundisha: DONATILLE NZEYIMANA. Akaweka sahihi, akaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Nze... nini?" Immaculata akasoma kwa shida.

"Nzeyimana. Ni kumtumaini Mungu."

"Haya," Immaculata akasema. "Zuri. Lile la Dona lilikuwa la kijinga."

Jumatatu saa sita Makarius alifika na pikipiki yake. Kabla hajaipokea fomu, Ezekia akatoka ofisini na kunyoosha mkono kwamba anataka kuiona. Makarius akasita. Donatille akaiinua mwenyewe mbele ya uso wa bosi, bila kuiachia. Kina mama wote walikuwa wameacha nyundo. Karasha lilikuwa kimya, jambo ambalo mchana wa Jumatatu halijawahi kutokea.

Ezekia akasoma. Hakufika mbali, aliishia mstari wa kwanza.

"Nzeyimana," akasema. "Unajua naweza kupanda gari sasa hivi niende uhamiaji kuuliza kuhusu jina hili?"

"Nenda," Donatille akamjibu. "Wanafunga saa tisa na nusu, ukitoka sasa unawahi. Hati yangu wanayo kwenye faili, na mimi ninayo begini. Waambie limeandikwa na mwenyewe." Akampa Makarius fomu, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Na ukirudi, bosi, rudi na maji. Mapipa mawili. Bila hayo nyundo hailii hapa."